Pete ya omo kwenye boti ya faiba inatoa michirizi ya kutu: nipige polishi au niing'oe?

#1 Mwana_Omo

Wakuu, habari zenu.

Nina boti ndogo ya faiba, ya injini moja ya nje. Kule omo, yaani mbele ya boti, chini kidogo ya ukingo wa sitaha, kuna ile bolti nene yenye umbo la U. Ndiyo nafungia kamba ya winchi nikiipandisha kwenye trela, na ndiyo wanayoishika wenzangu wakinivuta nikikwama. Humu nitaiita pete ya omo ili tusichanganyane.

Kila mguu wa hiyo pete unatoa mchirizi wa kahawia unaoteremka kwenye faiba nyeupe. Nikisugua unatoka, pete inang'aa kabisa, halafu nikitoka baharini mara chache mchirizi umerudi palepale. Chuma chenyewe kwa nje hakijalika, kina vidoa vidogo tu. Niliponunua niliambiwa ni stenlesi.

Kwa ndani sioni kitu. Chumba cha mbele kimefungwa, naingiza mkono mmoja tu kupitia tundu la kuhifadhia mnyororo wa nanga. Nikipapasa, nati zina magamba, na mbao iliyo nyuma yake ni ya ubaridi na unyevunyevu.

Naomba kujua kama hii ni kazi ya kusafisha na kuziba, au pete itoke. Na kama itatoka, je nabadilisha pete peke yake? Rola ya nanga na vile vipembe viwili vya kufungia kamba juu ya sitaha navyo vimeanza kuwa na wekundu pembeni.

#2 Kasia_Moja

Mkuu usijitese. Zungushia silikoni pale miguu inapoingia, piga polishi, maisha yaendelee. Yangu ina michirizi hiyo tangu nimeinunua na bado inavutwa.

#3 Fundi_Rezini

Kasia_Moja, kwa heshima, silikoni hapo ndiyo kitu cha mwisho ningeshika.

Mwana_Omo, kabla ya yote tazama mchirizi unaanzia wapi. Kahawia ikianzia juu ya uso wa chuma, sehemu inayopigwa na hewa, hiyo ni kutu ya juujuu. Inaudhi macho, inasafishwa, inakwisha. Ila ikianzia pale mguu unapozama kwenye faiba, basi kutu hiyo imezaliwa ndani ya ukuta na maji ndiyo yameitoa nje. Kwa maelezo yako, mchirizi unarudi palepale na nati zina magamba, yako ni ya aina ya pili.

Watu wengi wanashangaa stenlesi kushika kutu, kwa hiyo niseme kidogo. Stenlesi ina kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na oksijeni inajifunika utando mwembamba mno usioonekana, na huo utando ndio unaozuia kutu. Ukiukwaruza unajirudishia wenyewe, mradi oksijeni ipo. Sasa fikiria tundu la bolti ambalo silanti yake (dawa ya kuzibia maji) imeachia. Maji ya chumvi yanaingia, yanatuama. Oksijeni iliyokuwemo inatumika yote na nyingine haifiki. Kloridi ya chumvi inautoboa utando, utando hauna pa kupata oksijeni ya kujiziba, na yale maji kidogo ya mle yanazidi kuwa tindikali. Kuanzia hapo chuma kinaliwa mahali pamoja, kwa kasi, wakati nje kinang'aa. Ni jino lililooza mzizi.

Ukizungushia silikoni juu ya hali hiyo, maji yaliyomo hayatoki, na hewa kidogo iliyokuwa ikipenya unaikata. Umeisaidia kutu.

Na usidanganyike na unene unaouona. Bolti ya milimita 10 ikiliwa shingoni ikabaki 5, haijabaki na nusu ya nguvu. Imebaki na robo, kwa kuwa kinachobeba mzigo ni eneo la mkato. Halafu hiyo ndiyo inayoshika boti yako yote kwenye mteremko wa trela, na mara nyingi mtu yuko nyuma yake.

Itoke.

#4 Dada_Mawimbi

Fundi, mie naona watu wanapima stenlesi kwa sumaku. Ikinasa ni feki, isiponasa ni ile nzuri ya bahari. Ni kweli?

#5 Fundi_Rezini

Nusu kweli, dada yangu. Ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa au ni stenlesi ya daraja lisilofaa baharini. Lakini isiponasa hujajua kama ni stenlesi ya daraja la 304 au la 316, maana zote mbili karibu hazinasi. Pia stenlesi nzuri ikikunjwa ikiwa baridi, kama hiyo pete ilivyokunjwa kuwa U, pale kwenye kona inaweza kunasa kidogo. Kwa hiyo sumaku inakutajia mbaya kabisa tu, haikuthibitishii nzuri.

Tofauti ya hizo mbili ni molibdenamu. 316 imewekewa asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inaifanya ivumilie chumvi zaidi. Kwenye bolti na nati soma maandishi: A2 ni ukoo wa 304, A4 ni ukoo wa 316. Mara nyingi pete yenyewe ni 316 lakini nati na washa zilizofungwa nyuma, kusikoonekana, ni A2 au chuma tu. Na hata 316 ikikaa kwenye tundu lenye maji yaliyolala itakufa, imechelewa tu kuliko mwenzake.

#6 Mwana_Omo

Nimekusoma fundi. Mchirizi unaanzia kwenye tundu, nimehakikisha. Basi nimeanza kuifungua.

Nimekwama kwenye nati. Moja imezunguka robo ikagoma kabisa, haiendi mbele wala nyuma. Nyingine haijasogea. Na mkono haupiti vizuri. Nimefikiria kuchukua gesi niipashe moto, kuna shida?

#7 Spana_Kumi_na_Saba

SUBIRI. Weka gesi chini kwanza.

Rezini ya poliesta iliyojenga boti yako inaanza kulainika kabla hata maji hayajachemka. Moto wa gesi kwenye nati unapita kwenye bolti na kuingia ukutani, unakuja kukuta faiba imepata rangi ya kahawia na imeachana tabaka. Na humo ndani kuna povu? Kuna mvuke wa petroli uliotulia chini? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni na hauondoki wenyewe. Ukitaka joto tumia pasi kubwa ya kulehemu risasi, iguse nati yenyewe tu, na uwe umeshatoa tangi na kupitisha hewa.

Ile iliyozunguka robo ikagoma, meno yake yameng'ang'aniana. Stenlesi kwa stenlesi ndiyo tabia yake: utando unakwaruzika, chuma kinagusana uchi kwa uchi, kinashikana utadhani kimechomelewa. Ukiilazimisha utakata bolti au utazungusha pete nzima na kupasua faiba. Kwanza mafuta ya kupenyeza, yaache usiku kucha, asubuhi jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikigoma, acha ubishi, kata. Nati unaikata ubavuni kwa grenda ndogo au unaipasua kwa tindo. Pete hiyo ni ya kutupwa, usiionee huruma.

Kuhusu mkono kutopita, hapo huna ujanja. Toboa tundu la duara kwenye kiambaza cha hicho chumba, la kutosha mikono miwili, kisha baadaye uweke kifuniko cha ukaguzi kile cha kuzungusha. Ukishakuwa nacho hutajuta, utakuwa unachungulia nati zako kila msimu.

#8 Mafuta_Taa

Mimi niliikata kwa nje, nikasukuma vipande ndani. Haraka zaidi.

#9 Spana_Kumi_na_Saba

Inawezekana, ila funika faiba kwa bati au turubai bichi kabla ya kuwasha grenda. Cheche ni vipande vya chuma vya moto, vinajichoma kwenye gelkoti (lile tabaka la nje linalong'aa la faiba) na kuganda. Baada ya wiki una vidoa vya kutu eneo zima na vya kuvitoa ni kwa msasa tu. Na mafuta ya injini na asetoni yasiwe karibu.

Kuchimba stenlesi kwa drili nako kuna utaratibu wake: mwendo wa taratibu, mkandamizo mzito, mafuta ya kukatia, biti ya kobalti. Ukiiendesha kasi bila kuibana, inasugua tu, chuma kinakuwa kigumu pale pale na biti inakufa.

#10 Mwana_Omo

Imetoka wakuu. Nimekata kiambaza, nikakata nati zote mbili.

Mguu wa kulia una afya. Wa kushoto umeliwa katikati, pale ulipopita ndani ya mbao, umebaki mwembamba kuliko kalamu na una mashimo meusi. Nje na kwenye nati ni mzima kabisa! Usingeweza kujua.

Nyuma kulikuwa na bamba la alumini la kusambaza mzigo. Limegeuka unga mweupe, limevimba na kupasuka tabaka tabaka. Mbao yenyewe ni nyeusi na nikiibana na bisibisi inatoa maji.

Sasa nifanye nini? Kuna mtu kaniambia nitoboe matundu madogo nimimine epoksi nyembamba, itakunywewa na mbao na kuwa ngumu.

#11 Fundi_Rezini

Hilo bamba la alumini linaeleza mengi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri, na ile dhaifu ndiyo inaliwa. Alumini ni dhaifu mbele ya stenlesi. Ule unga mweupe ni kutu yake, na inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana ulivimba na kuisukuma faiba. Ningependa kumjua aliyeamua kuweka alumini nyuma ya bolti ya stenlesi mahali pasipofikika.

Kumimina epoksi kwenye mbao iliyolowa na kuoza, hapana. Epoksi haiingii kwenye maji. Inajaza njia ya biti na sehemu chache kavu, halafu unabaki na mbao iliyooza imefungwa ndani ya chupa. Itaendelea kuoza.

Kwanza tafuta mpaka wa ugonjwa. Chukua nyundo ndogo au mpini wa bisibisi, gonga kuanzia mbali ukikaribia. Faiba iliyoshikana na kiini kizuri (mbao iliyo katikati ya tabaka mbili za faiba) inalia kavu na kali. Iliyooza au iliyoachana inalia butu. Chora mstari kwa kalamu. Kisha kata tabaka la NDANI la faiba kando ya mstari, ongeza kidogo, uling'oe. Ukuta wa nje usiuguse, huo ndio umbo la omo yako. Chokoa mbao yote nyeusi kwa patasi mpaka ufike mbao yenye rangi yake na iliyo kavu. Usibakize "kidogo tu".

Halafu ngoja ikauke, na hapa ndipo watu wanaharibu. Siku za jua na feni, si masaa. Bandika kipande cha nailoni ukifunge kingo zote kwa utepe wa gundi, ukilaze usiku. Asubuhi ukikuta umande ndani yake bado.

#12 Dada_Mawimbi

Swali la pembeni. Sisi boti zetu ni za ziwani, maji baridi. Haya yote yanatuhusu au tumepona?

#13 Fundi_Rezini

Chuma chenu kinapona zaidi, kwa sababu kloridi ni kidogo. Mbao ndiyo haiponi. Kuvu wanaoozesha mbao wanapenda maji baridi, chumvi inawasumbua. Nimeona boti za baharini ambazo uozo wake wote ulitoka sitahani, kwa maji ya mvua. Kwa hiyo ziwani angalieni viini kwanza, bolti baadaye.

#14 Kasia_Moja

Haya, nimekaa kimya nikisoma. Leo nimeenda kuichungulia ya kwangu kwa tochi. Sitasema nilichokiona. Endeleeni.

#15 Mwana_Omo

Hahaha pole kaka.

Fundi, nimechokoa, nimebaki na shimo la ukubwa wa sahani hivi. Ukuta wa nje ni mzima, matundu mawili ya bolti tu. Mbao iliyobaki pembeni ni kavu na ngumu, nailoni haina umande. Nirudishe plaiwudi? Na nitumie rezini ipi, poliesta au epoksi? Wauzaji kila mmoja anavuta kwake.

#16 Fundi_Rezini

Kwa eneo dogo hilo, usirudishe mbao kabisa. Mahali bolti inapopita pawe faiba tupu, tabaka juu ya tabaka, au bamba la faiba na epoksi lililokwisha tengenezwa, lile la G10. Halinywi maji, haliozi, halibonyei. Plaiwudi ya baharini inafaa kama eneo ni pana na unataka wepesi, ila kila ukingo na kila tundu lazima lizibwe kwa epoksi, na ukisahau kimoja umerudi ulipotoka.

Rezini: epoksi. Boti ilipojengwa kiwandani tabaka zilimwagwa zikiwa mbichi zikashikana kikemia, poliesta ilitosha. Wewe unashikiza kipya kwenye kikavu cha miaka, hapo ni nguvu ya gundi tu, na epoksi ni gundi bora kwa mbali. Hasara yake ni gharama, na gelkoti ya kawaida haipendi kukaa juu yake. Lakini kazi yako iko ndani, nani anataka gelkoti huko? Rangi inatosha.

Angalizo la mati. Ile mati ya nyuzi fupi zilizotawanywa, nyingi zimeshikizwa kwa gundi inayoyeyuka na staireni iliyomo kwenye poliesta. Epoksi haina staireni, hivyo mati inabaki ngumu, hailali kwenye kona na hailoi vizuri. Nunua kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa.

Mpangilio wake. Futa kwa asetoni KABLA ya msasa, si baada. Faiba ya zamani ina nta na mafuta, ukianza na msasa unayasukuma ndani ya mikwaruzo na huyatoi tena. Kisha kingo za faiba uliyoikata zichonge mteremko, uwiano wa 1 kwa 12. Yaani kama tabaka la ndani lina unene wa milimita 4, mteremko uwe wa milimita 48. Watu wanaona ni mwingi mno. Mzigo unahitaji njia ndefu ya kupita kutoka faiba ya zamani kwenda mpya, ukiufupisha kiraka kinabanduka kikiwa kizima.

Jaza kidogo kidogo. Epoksi inatoa joto inapoganda, na ukimimina unene mkubwa kwa mkupuo inachemka, inatoa moshi na kupasuka. Tabaka tatu nne, acha ipoe, endelea nyingine kabla haijakauka kabisa. Ukiiacha ikauke hadi kesho yake, ioshe kwa maji safi na sponji halafu msasa, maana baadhi za epoksi zinatoa utando wa kunatanata juu yake na kitu hakishiki hapo.

Barakoa ya vumbi laini wakati wa msasa, miwani, glovu, nguo ya mikono mirefu. Vumbi la faiba likiingia shingoni utajikuna wiki. Na kama mtu atatumia poliesta badala yake, ile hadina yake ya majimaji (kemikali ya kuigandisha) ichungwe sana na macho. Tone moja linaweza kupofusha.

#17 Mafuta_Taa

Kuna kitu hakijatajwa. Omo kwa ndani ni V, si bapa. Washa ikikaa hapo inalalia kingo mbili tu, na ukikaza inajikunja. Ile pete ya kiwandani ilikuwa imekazwa hivyohivyo juu ya kona?

#18 Fundi_Rezini

Umegusa penyewe. Tengeneza kitanda. Koroga epoksi na unga wa silika mpaka iwe nzito isiyodondoka, ijaze kwenye kona ya V, kandamiza bamba la nyuma juu yake iwe bapa na iwe sambamba na uso wa nje. Bolti zipake nta na uzizungushie nailoni ili zisigande humo milele. Bamba liwe G10 ya milimita 8 au 10, au stenlesi ya 316. Alumini usinunue tena. Washa pana nyembamba peke yake si bamba, ukivuta kwa nguvu inageuka kuwa kikombe.

Sasa matundu. Kwa bolti ya milimita 10, toboa 16, ziba chini, jaza epoksi nzito, ikauke, halafu toboa 10 na nusu katikati yake. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi na haigusani na kiini chochote. Siku silanti itakapoachia, na itaachia, maji hayatakuta mbao ya kuozesha. Hii inafaa kila kitu unachofunga kwenye boti yenye kiini, iwe kipembe, reli au kishikio. Naiona ni muhimu kuliko aina ya silanti, kuliko daraja la stenlesi, kuliko vyote tulivyobishania.

Mdomo wa tundu kwa nje uchonge kidogo uwe na mteremko. Silanti itajaa pale na kuzunguka mguu kama pete ya mpira. Bila hivyo ukikaza inakamuliwa yote inatoka.

#19 Kasia_Moja

Na silanti yenyewe? Maana mimi ndiyo wa silikoni humu 😅 Halafu naona bora kupaka nje na ndani pia, usalama mara mbili.

#20 Fundi_Rezini

Silikoni inaacha mafuta yasiyotoka, na baada ya hapo hakuna silanti nyingine wala rangi inayoshika. Kwenye chuma cha kubeba mzigo haishiki vya kutosha pia. Chukua polisalfaidi, inashika chuma na faiba vizuri na bado inafunguka siku ukitaka. Usiiweke kwenye plastiki za wazi kama akriliki, inazipasua, ila hapa haikuhusu. Poliurethani ni sawa nayo, lakini zile kali ni gundi kuliko silanti. Siku ukitaka kuitoa pete itatoka na gelkoti. Kwa vipembe vya juu ya sitaha mimi hupenda utepe wa butili, unabaki laini miaka mingi, mradi usimwagiwe petroli.

Kupaka ndani, hapana kaka. Paka nje tu. Silanti ya nje ikiachia nataka maji yaingie mpaka chumbani niyaone kwenye nati. Ukiziba pande zote mbili yanabaki katikati, na tumeshaona yanafanya nini huko.

#21 Spana_Kumi_na_Saba

Naongezea ya kukaza. Nati za A4, meno yapakwe grisi ile ya kuzuia kushikana, kaza kwa mkono taratibu. Bunduki ya kukazia usiilete karibu, mwendo kasi ndio unaofanya meno yang'ang'aniane. Nati yenye nailoni ni nzuri lakini tumia mara moja tu. Wengine wanakaza mpaka silanti ichungulie, wanaacha ikauke, kisha wanamalizia robo mzunguko. Mimi hufanya hivyo kwa polisalfaidi. Butili haina kukauka, unaikaza kidogo, unasubiri isogee, unakaza tena.

Meno yabaki mawili matatu nje ya nati, zaidi ya hapo kata, utajichana mkono humo ndani siku moja.

#22 Nahodha_wa_Ndoo

Mkuu, kwa nini usiweke ya shaba? Na mwenzangu anasema ukiwa na zinki kwenye injini (kile kipande kinachowekwa ili kiliwe badala ya chuma kingine) inalinda boti nzima.

#23 Fundi_Rezini

Inategemea shaba gani. Bronzi ya silikoni (shaba iliyochanganywa na elementi ya silikoni, si ile silikoni ya kuzibia) ni nzuri sana, haina ugonjwa huu wa kukosa hewa, itageuka kijani tu. Ile ya njano ya mabomba ya nyumbani usiiguse: ndani yake kuna zinki, chumvi inainyonya zinki na kukuachia kitu cha rangi ya waridi kinachovunjika kama biskuti kavu. Pia usichanganye, bolti ya bronzi ipate nati ya bronzi.

Zinki ya injini inalinda kilicho ndani ya maji yaleyale na kilichounganishwa nayo kwa umeme. Pete ya omo iko juu ya maji. Haijui hata kama zinki ipo.

Na kwa hoja hiyohiyo, mnyororo wa nanga uliochovywa zinki ukiufunga na pingu ya stenlesi, pete za mwisho za mnyororo ndizo zitakula hasara. Pingu iwe ya zinki kama mnyororo, na sindano yake ifungwe waya isijifungue.

#24 Mwana_Omo

Wakuu, pete mpya imekaa. 316, bamba la G10 kwenye kitanda cha epoksi, polisalfaidi kwa nje. Baada ya kukauka nimeipiga maji ya mpira kwa muda mrefu huku mwenzangu yuko ndani na tochi, nati kavu. Kwenye trela niliivuta pole pole kwanza, hakuna mlio, hakuna ufa kwenye gelkoti.

Bado kuna alama za kahawia za zamani kwenye faiba. Nisugue na nini? Na chuma cha rola kina vidoa, nilitaka kutumia brashi ya waya.

#25 Spana_Kumi_na_Saba

Brashi ya waya ya chuma cha kawaida usitumie, wala pamba ya chuma. Vinaacha chembe za chuma kwenye stenlesi na hizo zinashika kutu kesho yake, utafikiri stenlesi ndiyo mbovu. Tumia sponji ya kusugulia ya nailoni. Alama za kwenye faiba zinatoka kwa tindikali ya oksaliki, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kutoa madoa ya boti. Paka, subiri kidogo, suuza sana, vaa glovu, ni sumu. Dawa ya klorini ya kufulia usijaribu: kwa doa la kutu haisaidii, na stenlesi inaiunguza.

Kwa trela, pete usiiachie kazi yote ya safari. Mkanda wa winchi ni wa kuvutia juu. Barabarani weka mnyororo wa usalama mbele na mikanda ya nyuma. Na ukivutwa majini, avute sawa na mkuku (uti wa chini wa boti), akivuta kwa ubavu miguu ya U inapindana na silanti inaachia.

#26 Dada_Mawimbi

Na vile vipembe vya sitaha na rola? Au vimesamehewa?

#27 Mwana_Omo

Havijasamehewa dada. Kipembe cha kulia nimekifungua jana, tundu kavu, mbao nzuri, biti inatoa vumbi la njano. Hicho natoboa upana, najaza epoksi, nakirudisha na butili. Cha kushoto biti ilitoa uji mweusi. Nikigonga, sauti butu inafika hadi chini ya rola.

#28 Fundi_Rezini

Basi usikate kwa juu. Angalia kwanza kama ile rola inakuachia nafasi ya kufanyia kazi kwa chini kupitia kiambaza ulichotoboa. Kukata sitaha kwa juu maana yake ni kurudisha gelkoti na ile michongo ya kuzuia utelezi, na hiyo kazi ndiyo inakula muda kuliko kiini chenyewe. Toa rola, gonga tena pande zote, chora mstari, weka picha hapa kabla hujawasha grenda.